Kabla Hujauza Shamba Ukatafute Nuru

Mwaka 1908, vita ya Maji Maji ikiwa imezimwa na njaa yake bado haijasahaulika, waraka ulianza kupita mkono kwa mkono katika mji wa Lindi na vijiji vyake vya bara. Ulisemekana kutoka Arabuni. Ndani yake mtunza kaburi la Mtume kule Madina alisimulia ndoto yake: kiama ki karibu, Waislamu wamelegea, watubu upesi. Aliyeupata alitakiwa aupitishe kwa mwenzake. Watu wakajaa misikitini, zikri zikasomwa, na maofisa wa Kijerumani wakaingiwa na hofu kwamba vita inarudi. Wakakamata watu. Walimtuhumu Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa zamani wa Ujiji aliyekuwa akiishi Unguja, kuwa ndiye aliyeutuma.

Waraka ule haujafa. Huenda unao kwenye simu yako sasa hivi, umefupishwa, umewekewa picha ya kuba la kijani la Madina, na mwishoni umeandikiwa idadi ya watu wa kuwatumia ili upate heri, na msiba unaokungoja ukiufuta. Mtu wa Rutamba, bara ya Lindi, mwaka 1908 alihitaji anayejua kusoma Kiarabu amsomee. Wewe unasoma mwenyewe, lakini kinachokusukuma ni kilekile: hofu, na ndoto ya mtu usiyemjua.

Wengi huianza njia ya roho kwa namna hiyo, na hakuna aibu. Mtu anafiwa, ndoa inayumba, au korosho zinaoza mtini kwa mvua ya nje ya msimu, na usiku anajiuliza maisha haya ni ya nini. Swali ni la haki. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya yule ambaye swali limemshika kisawasawa, akawa anatoka kwa sheikh huyu kwenda kwa yule, au kwa mchungaji kwenda kwa nabii, au anakesha kwenye simu akisikiliza walimu wa Kihindi na wa Marekani wakimwambia kwamba yeye na ulimwengu ni kitu kimoja. Huyo ana jambo zuri mkononi, na pia ana hatari zinazofanana sana na jambo lenyewe.

Nianze na uzuri. Pwani hii haihitaji kwenda mbali kutafuta mafundisho ya umoja. Tarika, njia za Kisufi, zilishayaleta. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847 na kuuawa 1909, alieneza tarika ya Qadiriya hadi Unguja, na wanafunzi wake wakaifikisha bara. Muhammad Maarufu wa Ngazija aliileta Shadhiliya, na hapa kusini ikaenea kupitia Sheikh Husein bin Mahmud wa Kilwa. Bagamoyo alikuwepo Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya, aliyefika pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema na akafariki 1931 akiwa khalifa ambaye masharifu walikuja kumbusu mkono. Chini ya dufu na mirindimo ya zikri yao kulikuwa na elimu ya kina iliyotoka kwa watu kama Junaid wa Baghdad, aliyefariki 910, na Ibn Arabi wa Andalusia, aliyezaliwa 1165. Elimu hiyo inasema kwamba kutengana kunakotutesa, mimi huku, dunia kule, na Mwenyezi Mungu mbali juu, hakuna mizizi kama tunavyodhani. Tunapotulia kweli, ukuta ule unaonekana kuwa umejengwa na fikra, na fikra zikikaa kimya kidogo, hauonekani.

Kwa Wahindu fundisho hili ni la zamani sana. Karibu na zama zetu Ramana Maharshi alilipa sura nyepesi. Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16 katika mji wa Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa. Badala ya kukimbia alijilaza kama maiti na kuchunguza ni nani hasa anayekufa. Baadaye aliishi chini ya mlima Arunachala hadi alipofariki 1950. Waliomfuata aliwarudishia swali moja: anayeuliza ni nani? Wakristo nao wamo. Watawa Wabenediktini waliokuja kusini na kuanzisha Ndanda mwaka 1906 wanatoka katika mapokeo yanayojua sala isiyo na maneno.

Hapa Muislamu atulie kidogo kabla hajakasirika, na Mkristo vilevile. Hakuna mwalimu wa maana aliyesema kwamba Fulani bin Fulani wa Rutamba ni Mungu. Mansur al-Hallaj alisema maneno yaliyosikika hivyo na akauawa Baghdad mwaka 922. Wanazuoni wamebishana juu yake hadi leo. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki 1624, alilisawazisha jambo kwa namna ninayoipenda: umoja ule ni wa macho ya anayeona. Jua likichomoza nyota hazionekani, lakini hazikufutika. Mja anabaki mja. Ukishika hilo tu, umeepukana na nusu ya ugomvi wa misikitini.

Sasa jinsi ya kuonja mwenyewe bila kulipa nauli. Baada ya swala ya alfajiri, au kabla ya sala yako ya asubuhi, na kabla hujawasha simu, kaa barazani au juu ya mkeka. Mgongo usikakamae. Macho ukiyafumba sawa, ukiyaacha wazi sawa. Usiikamate pumzi wala usiihesabu. Sikiliza tu. Jogoo atawika, mtu atapita na baiskeli, kwa jirani wataanza kutwanga. Usiziendee sauti, zitakuja zenyewe. Halafu angalia jambo dogo sana: kabla hujasema moyoni “huyo jogoo wa mama Fulani,” sauti ilikuwa imeshasikika. Jina lilifuata. Na pamoja na jina ukafuata wewe, mwenye kusikia, umekaa upande huu, na jogoo upande ule. Katika ule muda mfupi wa mwanzo palikuwa na kusikia tu, na hapakuwa na mpaka wowote wa kuulinda.

Ni hilo tu. Usijaribu kulirefusha. Ukijikuta unasema “nimeupata,” hiyo nayo ni sauti nyingine, iache ipite kama ya baiskeli. Usipoona chochote, hukupungukiwa na kitu, kwa maana kusikia kulikuwepo hata ulipokuwa umekereka. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza, inuka ukafagie uwanja.

Msomaji mmoja atasema: kama ni rahisi hivyo, kwa nini watu wanatumia miaka arobaini? Kwa sababu tunachokitaka kwa kawaida ni kikubwa zaidi ya hicho. Tunataka nuru inayong'aa, malaika, sauti, miguu isiyogusa ardhi. Tunataka tuwe watu wengine. Hali ile ya wazi haimfanyi mtu kuwa mwingine, na nafsi inakata tamaa, inakwenda kutafuta kwingine. Nitoe mfano wa karibu. Mwaka 1934 na 1935 mkusanyaji mimea wa Kijerumani, H. J. Schlieben, alikuwa akikusanya karibu na Ziwa Rutamba, kilomita kama 40 magharibi mwa Lindi, na mimea mingi aliyoichukua pale ilikuja kuandikwa Ulaya kuwa mipya kabisa kwa sayansi. Wenyeji walikuwa wakiipita kila siku wakienda kuteka maji. Sisemi Schlieben alikosea kusafiri. Ila mimea ilikuwa pale kabla yake.

Mtego wa kwanza, basi, ni kuhamahama. Mwezi huu umechukua uradi, dua za kurudiarudia, kwa sheikh wa Kilwa, mwezi ujao umesikia kuna mwenye karama Mtwara, mwakani unataka ijaza, yaani idhini, ya tarika ya tatu. Anayefanya hivyo ni kama mkulima anayeng'oa mche wa korosho kila wiki aone kama umeshika mizizi. Chagua njia moja iliyo ndani ya dini yako, ndogo, unayoweza kuifanya hata siku unayoumwa kichwa, na uibebe msimu mzima wa kilimo kabla hujaihukumu.

Wa pili ni kukusanya hali. Katika zikri mtu anaweza kulia, kutetemeka, kusikia mwili umeyeyuka. Hizo zipo, nami sizikebehi. Tatizo linaanza siku ya pili, anapokuja kwenye halaka, duara la zikri, akitafuta ya jana, au anapoanza kuwasimulia wenzake ili wamwangalie kwa macho mengine. Ibn Ataillah wa Iskandaria, mwanazuoni mkubwa wa Shadhiliya aliyefariki Kairo mwaka 1309, alifundisha kwamba ni bora mtu achungulie aibu zilizofichika ndani yake kuliko kuchungulia siri za ghaibu. Katika vitabu vyote vya tarika sijui ushauri ulio mkavu na wenye faida kama huo. Waliotangulia waliyapa maradhi haya majina yake, riyaa na ujuba, yaani kujionyesha na kujiona, na waliyahofia kuliko walivyohofia uvivu wa ibada, kwa sababu mvivu anajijua.

Wa tatu ndio unaoniudhi, na ninautazama kwa muda zaidi. Mtu akishasikia kwamba “hakuna mimi, hakuna wewe, yote ni moja,” anagundua kwamba maneno hayo yana matumizi. Mke akidai fedha za sare za shule, anaambiwa ameshikwa na dunia. Mwenzake akimdai deni la salfa ya kupulizia korosho, anaambiwa nani anayemdai nani. Anayelia msibani anahimizwa aone kwamba hakuna aliyekufa. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Welwood, katika miaka ya 1980 aliupa mchezo huu jina, akionyesha jinsi watu wanavyotumia mafundisho ya juu kuruka majeraha yao na wajibu wao. Lakini hatukuhitaji Mmarekani atuambie. Kila mwanamke wa pwani aliyewahi kuolewa na mtu wa halaka zisizoisha anaujua mchezo huo, ingawa hakuusomea.

Tazama alivyofanya Ghazali. Mwaka 1095, akiwa mwalimu maarufu kuliko wote Baghdad, alivunjika ndani hata ulimi ukashindwa kufundisha. Aliacha kazi, akaenda Damasko, Yerusalemu na Makka, akaishi kifakiri. Hadithi hii husimuliwa sana kwa vijana wanaotaka kuacha kila kitu. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba kabla ya kuondoka aligawa mali yake lakini akabakiza ya kuwatosha watoto wake, na kwamba baadaye alirudi: mwaka 1106 alikuwa akifundisha tena, Nishapur. Junaid naye alifundisha kwamba baada ya kuzama kuna kuibuka, na kwamba aliyeibuka akaishi na watu kwa adabu amefika mbali kuliko aliyebaki amelewa. Ramana, ambaye watu walivuka bahari kumwona, alikaa jikoni akikata mboga na wapishi.

Kwa hiyo nina kanuni ya kijijini, na sioni haya kuisema. Usiingie khalwa, kujitenga kwa ibada, wakati wa kupulizia. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mikorosho inahitaji mtu, na ukiiacha ubwiriunga ukala maua, atakayelipa si nafsi yako, ni watoto. Usiuze hata mkorosho mmoja kwa ajili ya safari ya kiroho. Fedha za mnada wa korosho zikiingia, lipa deni kwanza, ada pili, halafu uone kama bado unaitaka safari. Mara nyingi hamu inapungua yenyewe, jambo linaloonyesha ilikuwa hamu ya kuondoka nyumbani.

Mtego wa nne, wa mali na afya, ni mfupi kuueleza kwa sababu tumeushuhudia wote. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alitoa kikombe kijijini Samunge kwa shilingi 500, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Sikumhesabu kuwa tapeli wa fedha. Shilingi 500 haikuwa bei ya utapeli. Madhara yalikuwa kwa wagonjwa waliorudi nyumbani wakaacha dawa za UKIMWI na za kisukari. Alifariki 2021. Kenya, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya waumini ambao, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, walihimizwa na mhubiri Paul Mackenzie wafunge hadi wafe wakutane na Yesu. Walikuwemo watoto. Na sisi wa kusini tuna kumbukumbu yetu ya tangu 1905, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya kuzuia risasi. Sitamweka kundi moja na hao, kwa kuwa watu waliokuwa wakichapwa viboko kwenye mashamba ya pamba walikuwa na sababu ya kutafuta kinga, na maji yale yaliwaunganisha makabila ambayo hakuna aliyewahi kuyaunganisha. Lakini risasi haikugeuka maji.

Ukitaka kumpima mwalimu, usimpime kwa hotuba. Uliza silsila yake, mlolongo wa walimu waliomfundisha, na uangalie kama anaitaja bila kukasirika. Mwambie “hapana” katika jambo dogo, uone uso wake. Waulize majirani kama analipa wanaomlimia. Msikilize anavyowazungumzia walimu wengine na waumini waliomwacha. Mwalimu anayekuambia usiwaambie wa nyumbani anachokufundisha, au anayetaka kukaa faraghani na binti yako, au anayesema dawa ya hospitali inaonyesha upungufu wa imani, huyo usibishane naye. Ondoka, hata kama umelia machozi ya kweli mbele yake. Machozi yalikuwa yako, utaondoka nayo.

Kuhusu walimu wa kwenye simu, sina chuki nao. Wako wanaosema vizuri kuliko wengi tulio nao. Ila hawakujui. Hawataona kwamba umekonda, wala hawatakuuliza mbona mwanao hayuko shule. Sikiliza mmoja, siyo kumi, na ukishasikiliza nusu saa ukae kimya nusu saa. Usiposhika mizani hiyo utakuwa na maneno mengi ya umoja na dakika chache za kuujua.

Kwa majirani zako ambao hawaelekei huko, punguza maneno. Rutamba ni mahali pa watu mchanganyiko. Ilipokea wakimbizi kutoka Msumbiji katika miaka ya 1960, na hadi leo Mmwera, Mmakonde na Mmakua wanazikana bila kuulizana madhehebu. Anayekwenda msikitini akasali na kurudi kulima hana deni kwako la kuelewa Ibn Arabi. Ukigundua kwamba tangu uanze njia hii unawaona wenzako kuwa wamelala, basi ukuta uliodhani umeuangusha umeujenga upya, mrefu zaidi, na safari hii umejiweka wewe juu yake.

Mwisho ni jambo la afya, na ulichukulie kwa uzito. Kukaa kimya, kukesha na kufunga havimfai kila mtu wakati wote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, akiwemo Willoughby Britton, walichapisha mahojiano na watu waliofuata tafakuri ya Kibudha, wengi wao wazoefu na walimu, na wakakuta waliopata hofu kali, kukosa usingizi, kuona vitu, na kupoteza hisia ya nafsi kwa namna isiyo ya amani hata kidogo. Mashekhe wa zamani walilijua hili; ndiyo sababu hawakumruhusu muridi, mwanafunzi wa tarika, aingie khalwa peke yake bila msimamizi. Kwetu mtu akifikia hapo huambiwa ana majini, au kinyume chake, hupongezwa kwamba amefika. Yote mawili yanaweza kumchelewesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipitisha siku tatu hulali, au ukaanza kusikia amri, au ukaona hakuna haja tena ya kula, simamisha kila kitu. Acha uradi wa ziada, acha kufunga, kula ugali na samaki, fanya kazi ya mikono, lala. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote. Usipotulia, nenda zahanati, na wakikupa rufaa ya hospitali ya Nyangao au ya Sokoine mjini Lindi, nenda siku hiyohiyo, umweleze daktari ulichokuwa ukifanya bila kuficha. Uradi utakungoja.